Shangazi, mwanangu kaanza awali na kila asubuhi ni kilio

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie ni mama wa miaka 27, naishi Chanika hapa Dar. Nina binti wa miaka mitano, nilimzaa nikiwa nyumbani Magu alafu alipofikisha mwaka na nusu nikamwacha kwa mama yangu nikaja mjini kutafuta maisha, sikuwa na namna. Nilikua naenda kumuona nikipata nafasi, hela natuma, kwenye simu tunaongea. Mwaka jana nimeolewa na mume wangu mwenyewe ndo aliniambia kamlete mtoto asome huku, namshukuru sana kwa hilo. Desemba nikaenda kumchukua, tukashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku akiwa kalala, Januari shule zilipofunguliwa nikampeleka awali shule ya serikali hapa karibu.

Shangazi tangu siku ya kwanza ni kilio. Analia kuanzia namvalisha sare, njiani analia, getini ananing'ang'ania gauni mpaka watu wanatuangalia. Mtu mmoja pale shule akanishauri niwe namtoroka akigeuka, nimefanya hivyo wiki nzima, sasa imekua mbaya zaidi, hata nyumbani nikienda chooni anakaa mlangoni ananisubiri. Shuleni haongei. Naambiwa hata akiitwa kwenye mahudhurio haitiki, nikaulizwa kama ana tatizo la masikio. Na ameanza kujikojolea wakati kwa bibi alishaacha zamani, juzi karudi sketi imelowa na mguuni ana alama ya fimbo, nikimuuliza hasemi. Kiswahili anasikia kidogo tu, kwa bibi ni Kisukuma tupu. Alikua anataka kuongea na bibi yake kila siku ila simu ikikatwa analia usiku kucha, kwahiyo nikaacha kumpigia. Jirani anasema nimhamishie ingilishi midiamu kuna basi linachukua watoto mpaka mlangoni, mume wangu anasema mwache atazoea, mama mkwe anasema mrudishe kwa bibi mpaka mwakani. Nimechanganyikiwa, nifanyeje?
Mama wa Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na hongera kwa kumleta mtoto kwako, na huyo mume mpe hongera zake.

Ntaanza na neno ambalo litakuuma kidogo ila nalisema kwa upendo. Huyu mtoto hajahama nyumba tu, amehama mama. Miaka mitatu na zaidi aliyemuogesha, aliyemfunika usiku, aliyemkimbilia akianguka ni bibi. Wewe ulikua yule mgeni mzuri anaekuja na zawadi alafu anaondoka. Akalala kwenye basi akaamka yuko mji mwingine, nyumba nyingine, kuna baba hamjui, watu wanaongea vitu havielewi vizuri, na kabla hajajua hata mlango wa jikoni uko upande gani anavalishwa sare anapelekwa sehemu ya tatu, na huko yule mtu mmoja aliyeanza kumshika akigeuka kidogo hayupo. Kwa akili yake ndogo watu wanapotea. Bibi kapotea, sauti ya bibi kwenye simu nayo ikapotea, sasa mama nae anapotea kila asubuhi. Ndo maana anakulinda mlango wa choo.

Kwahiyo kitu cha kwanza, kuanzia kesho acha kumtoroka. Najua kwanini walikushauri, darasa limejaa, kilio cha mmoja kinaamsha na wengine kumi, na ukitoroka kelele zinaisha haraka. Zinaisha kwa mwalimu lakini kwa mtoto zinabaki. Amka mapema zaidi hata nusu saa, mfike shule bado hakujajaa, mzunguke nae kidogo, mwonyeshe utakapokaa ukija kumchukua, kama kuna mti pale au kibanda cha mlinzi mwonyeshe kabisa kwa kidole. Alafu muage kwa lugha anayoielewa, yaani Kisukuma, usione aibu mbele za watu. Mwambie mama anaondoka sasa, mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza, kengele ya kutoka ikilia utanikuta hapa. Usimwambie saa ngapi, hajui saa, ila uji anaujua. Atalia. Mwache alie, umshike, alafu mkabidhi mkononi mwa mwalimu na uondoke kweli, usirudi kuchungulia dirishani maana akikuona tu inabidi muanze upya.

Na kengele ikilia uwepo. Hapa ndo kila kitu kinapimwa. Watoto wa awali wanatoka mapema kuliko wakubwa, kama unafanya biashara au kibarua na huwezi kuwahi, tafuta mtu mmoja ambae atakuwa huyohuyo kila siku na mtoto aambiwe asubuhi kabisa kwamba leo anakuja fulani. Usimtume leo bodaboda kesho dada wa jirani. Ukiahidi utakua chini ya mti basi uwe chini ya mti, hata kama ni kufika mapema ukasubiri juani.

Simu ya bibi irudishe leo hiihii. Nakuelewa ulikata kwasababu ya kilio cha usiku, mama gani anaweza kuvumilia kile kilio, lakini anavyonyamaza sasa hivi siyo kwamba amesahau. Badilisha muda tu. Mpigie mchana akishatoka shule na kula, wakati kuna mwanga na kuna watoto wa kucheza nao baada ya hapo, siyo wakati wa kulala. Na kabla hujampa mtoto simu ongea na mama yako kwanza pembeni, mwambie asilie, asiseme "mjukuu wangu nimekukosa rudi", aseme yeye mwenyewe kwa mdomo wake kwamba amemruhusu akae na mama yake asome, na kwamba yeye yupo palepale, na kuku wapo, na ng'ombe wapo. Mtoto anahitaji ruhusa ya bibi ili akupende wewe. Likizo ya Juni kama kweli mna uwezo wa nauli muahidi ataenda kumuona, kama hamna msiahidi kabisa.

Mwambie pia bibi atume mzigo mdogo kwa mtu anaekuja Dar, matobolwa. Wasukuma wanajua nachosema, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, mtoto anatafuna kama biskuti. Mwekee vipande viwili vitatu kwenye begi la shule. Ladha anayoijua mdomoni katikati ya watu asiowajua, usidharau kitu kama hicho.

Sasa suala la kutoitika. Kabla ya kumpeleka kupima masikio niambie, kwa bibi alikua anaitwa nani? Maana mara nyingi mtoto kijijini ana jina la nyumbani, tangu azaliwe anaitwa hilo, lile la kwenye kadi ya kliniki halijawahi kutumika hata siku moja. Mwalimu anasoma majina matatu kwa Kiswahili cha haraka, binti kakaa kwenye mkeka anasubiri nae kama wenzie kusikia anaitwa mtu mwingine. Nenda kamwambie mwalimu jina la nyumbani, muombe wiki mbili tatu amwite kwa majina yote mawili pamoja. Nyumbani jaribu masikio mwenyewe, akiwa amekupa mgongo mwite kwa sauti ya chini kwa jina analolijua. Akigeuka kila mara yaelekea masikio ni mazima. Asipogeuka mara kadhaa, au usaha unatoka, hapo peleka hospitali.

Kiswahili usiwe na presha nacho. Atakipata mtaani kabla hajakipata darasani, kwenye kombolela na rede na kupika mapishi ya udongo, ndo sababu nasema jioni mfungulie mlango atoke acheze na wewe ukae barazani anakuona. Muulize mwalimu au mama wa jirani mtoto gani wa awali anakaa mtaa wenu, mkaribishe huyo mmoja tu nyumbani kwako, wapikie hata chapati, baada ya hapo waende shule pamoja asubuhi. Rafiki mmoja anayejua njia ya nyumbani kwenu atafanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote haya. Ila nyumbani usimkataze Kisukuma, tafadhali sana. Ndo lugha pekee ambayo kwa sasa anaweza kukuambia kinachomuuma. Kwa haraka mfundishe sentensi chache za Kiswahili kama mchezo, wewe mwalimu yeye mwanafunzi: mwalimu naomba kwenda chooni, mwalimu naomba maji, mwalimu naumwa.

Kujikojolea kunaanzia hapo. Hebu nenda jioni moja wakubwa wameshatoka, muombe mwalimu ruhusa, uingie na binti yako kwenye kile choo cha shule na ukitazame kwa urefu wake yeye. Tundu pana, sakafu imelowa, kitasa kiko juu hakifikii, ndani giza, mlangoni wamesimama madada wa darasa la sita. Na kuomba ruhusa hajui kuomba. Mtoto anabana mpaka anashindwa. Mwonyeshe wapi pa kukanyaga, afanye mkiwa wote, umwoneshe maji yako wapi, na umuombe mwalimu awe anamruhusu aende na mwenzie. Kwenye begi weka chupi na sketi ya akiba, na akirudi amelowa mbadilishe bila hotuba. Mpeleke pia zahanati wakapime mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo yapo sana kwa watoto wa kike na yanaleta hiki kitu hikihiki.

Hiyo alama ya fimbo imenikaa kooni. Mtoto wa miaka mitano kujikojolea siyo kosa, ni mwili umemshinda. Na hata kwa makosa yenyewe, viboko shuleni vina kanuni zake: ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, anaechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mtu kuchukua kifimbo na kumchapa mtoto wa awali sababu ya mkojo hakuna kanuni inayomruhusu. Nenda kwa mwalimu mkuu, nenda na mume wako, ongeeni kwa heshima ila muongee, semeni mtoto ni mgeni, hajui lugha, ametengana na aliyemlea, na tunaomba asichapwe. Asilimia kubwa ya walimu wakijua hadithi ya mtoto wanabadilika, nimefundisha awali mwenyewe kabla ya kuanza kuandika hapa, nawajua. Wasipokusikiliza panda ofisi ya afisa elimu kata.

Jirani na basi lake mwambie asante. Ingilishi midiamu ni nzuri kwa mwenye uwezo, lakini binti hajamaliza kushika Kiswahili unamwongezea lugha ya tatu na basi la alfajiri, na geti jingine jipya, sura nyingine mpya. Hapana, siyo mwaka huu. Mama mkwe nae nia yake njema ila ukimrudisha leo umemwambia mtoto kwamba hapa napo palikua pa kupita, na mwakani utaanza ukiwa na kazi mara mbili. Baba mwambie amesema kweli atazoea, ila atazoea akishikwa mkono. Mpe na yeye kazi, Jumamosi amchukue amtembeze mtaani, wanunue mhogo wa kukaanga, arudi akijua duka la nani liko wapi na njia ya kurudi nyumbani ni ipi. Mtoto asiyejua njia ya kwao anaogopa kila anapofika geti la shule, asijue akitoka pale anarudi vipi.

Mpe muda, wiki kadhaa siyo siku. Utaona kwanza anaacha kulia njiani, ataendelea getini, baadae atalia akishaachwa tu kidogo. Hayo ni maendeleo usiyadharau. Ila akiacha kula, usingizi ukikata kabisa, akimuogopa mtu fulani mmoja kwa jina au sehemu fulani moja ya ile shule, au ukiona maumivu sehemu za siri, usisubiri atazoea. Piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Tulikua tumepanga Buguruni, sasa mungu kasaidia tumehamia kwenye kibanda chetu Msongola, umeme bado ila tumeingia hivyohivyo kodi ilituchosha. Kijana wangu ana miaka 7 ameingia la pili, shule yake iko Buguruni. Mke wangu anataka abaki kulekule walimu wanamjua na anafanya vizuri, nami nafanya kazi Kariakoo kwahiyo ntakua natoka nae saa kumi na moja alfajiri namshusha. Mie moyo unasita. Unasemaje?
Baba wa Msongola

JIBU: Njema baba, na hongera kwa kutoka kwenye kodi.

Moyo wako unasita kwa sababu ya maana, usikilize. Asubuhi utakua nae, sawa, je saa nane mchana akitoka? Wewe uko Kariakoo, mama yuko Msongola. Ina maana mtoto wa miaka 7 asimame kituoni na mia mbili yake mkononi, makonda wanajaza watu wazima kwanza wanafunzi wanasukumwa mpaka gari linaondoka, akipata anasimama njia nzima, anafika kwao jioni kachoka hajafanya homuweki na kesho saa kumi anaamshwa tena. Hayo matokeo mazuri anayoyasifia mama yataisha kabla ya Juni. Na mtaani kwenu mpya hatakua na rafiki hata mmoja, maana wakati wenzie wanacheza yeye yuko kwenye foleni. Atakua anakaa Msongola bila kuishi Msongola.

Mhamishe. Na kwenu siyo ngumu, Buguruni na Msongola zote ni Ilala, halmashauri ni moja. Anza na shule mnayotaka, uhakikishe mwalimu mkuu anasema nafasi ipo, alafu nenda shule ya zamani uombe uhamisho kwa barua. Hakikisha mtoto anahamishwa na kwenye mfumo wa PREMS, ule wa Baraza la Mitihani, kila mwanafunzi ana namba yake humo, maana wapo wazazi wanahamisha mtoto kwa mdomo tu, akifika la nne kwenye upimaji wa taifa jina linaonekana liko shule ya zamani, ni usumbufu mkubwa. Kabla hujaondoka uliza pia shule mpya kama wanaingia kwa zamu, pembezoni ya mji kuna shule watoto wa madarasa ya chini wanaingia mchana kwasababu ya vyumba, mjipange nani anakua nae asubuhi.

Halafu mama nae msikilize, hofu yake ni ya kweli, mtoto anaefahamika shuleni ana bahati. Kwahiyo msimkate ghafla. Apewe siku ya mwisho Buguruni, aage darasa lake, mama aende achukue neno la mwalimu wa zamani kwa mwalimu mpya, hata mistari mitano kwenye karatasi, anasoma vipi, anapenda nini, anashindwa wapi. Na kile kirafiki chake cha sikuzote kije kulala Msongola wikiendi moja, hata kama hakuna umeme.

SWALI: Shangazi, mie naandika upande wa pili. Ni mwalimu wa awali, darasani kwangu nina watoto zaidi ya mia, Januari nzima wanaletwa wageni kutoka mikoani. Mnatuambia tumjali mtoto mmoja mmoja, kwa mikono mingapi?
Mwalimu wa Mbagala

JIBU: Mwalimu, watoto mia kwa mtu mmoja ni mzigo usio wa haki na sitakuambia uvumilie tu, hilo ni la kusemwa kwa wanaopanga walimu, na wazazi wanaosoma hapa waliseme kwenye mikutano ya shule badala ya kukulaumu wewe.

Kwa mgeni, nikuombe dakika moja tu ya getini siku anayoletwa. Muulize mzazi anaitwaje nyumbani, anaongea lugha gani, nani atakuja kumchukua, uandike kwa penseli pembeni ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Mkalishe karibu na mtoto anaetoka mtaa mmoja nae, au anaesikia lugha yake, kwa Mbagala hutakosa Mmakonde wala Mndengereko wala Mngoni. Usimsimamishe mbele aimbe wala ajitambulishe wiki ya kwanza. Mpe kazi isiyohitaji kuongea, agawe vikombe vya uji, ashike chaki, afute ubao, wenzie watamjua kwa hiyo kazi na wataanza kumwita wenyewe. Na kwenda chooni wapeleke kwa vikundi kabla hawajaomba, wageni wakiwa mbele.